Kompyuta Inachelewa Kuwaka? Usikubali Haraka Kuambiwa Imezeeka

Juzi baada ya isha nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Pangani. Anasema akiwasha kompyuta yake ya nyumbani anakwenda kuosha vyombo, na akirudi bado vidoti vinazunguka. Fundi amemwambia imezeeka, atafute laki sita anunue nyingine. Ananiuliza: "Dada, niuze mbuzi wangu watatu au nivumilie?" Niliusoma ule ujumbe mara mbili tatu nikajiona mimi mwenyewe, nimekaa sebuleni kwangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, miaka mitatu iliyopita, natazama vidoti vile vile.

Dada yangu, mbuzi wako waache kwanza. Nisikilize.

Mimi ni kama wewe. Najua wote mnaonisoma mnataka kitu kimoja: mtu awe na kazi yake nyumbani, asikae kumngoja mtu ampe hela ya LUKU. Ndiyo maana nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, ramu (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) GB 4, hadidiski (ghala la mafaili) GB 500. Nikaanza kuchapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya walimu wa tuisheni, kadi za harusi. Halafu wanawake wenzangu wa kikoba, tulikuwa 22, wakanikabidhi hesabu. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, kila Jumamosi naingiza. Miaka miwili sikukosea hata shilingi moja, na hilo nalisema kifua mbele.

Ugonjwa ulianza pole pole. Mwanzoni dakika mbili, baadaye nne. Mwisho nikawa nabonyeza kitufe, nabandika chai, inachemka, natia tangawizi na iliki, nakunywa kikombe kizima, ndipo skrini inafunguka. Na hata ikifunguka, ukibofya kitu inaganda. Siku moja nilipima kwa simu: dakika 9 na sekunde 40. Mteja amesimama mlangoni na flashi mkononi, anatazama saa. Mteja wa namna hiyo harudi mara ya pili.

Nikaipeleka kwa fundi. Simtaji jina wala mtaa wake. Akapiga upya Windows, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, elfu 20, ikaenda vizuri mwezi mmoja, ikarudi kule kule. Akapiga tena. Mara ya tatu hakuniuliza lolote, akafuta kila kilichokuwemo. Nimefika nyumbani, nawasha, folda ya kikoba haipo. Nilirudi kwake mbio mpaka kanga inanidondoka. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mama, si ungesema kama una vitu vya maana? Halafu mashine yenyewe imechoka hii, nunua nyingine. Na usijisumbue, haya mambo si ya kina mama."

Kauli ile ninayo mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata ilibidi nisimame mbele ya wenzangu niseme hesabu zimepotea. Tulikuwa uani kwa mwenyekiti, tumekaa mkekani, kahawa imeshamiminwa. Hakuna aliyenitukana. Walinyamaza, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi. Kisha bi mkubwa mmoja, muuza samaki, akafungua pindo la kanga, akatoa kidaftari chake kilicholegea kwa jasho, akaniwekea magotini. "Anza na langu," akasema. Wengine wakafuata. Wiki tatu, usiku kwa usiku, nilizijenga upya hesabu zote kwa vidaftari vile na meseji za miamala ya simu. Zilikamilika. Lakini wenzetu wawili walijitoa, na mmoja wao ni mtu tuliyekuwa tukipelekeana futari kila Ramadhani. Sasa hivi tunasalimiana tu.

Nikaapa kwamba mashine yangu haitashikwa na mtu mwingine kabla sijajua mwenyewe inaumwa nini.

Fanya nilivyofanya. Kompyuta ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Nenda sehemu iliyoandikwa Startup. Kwenye Windows 10, kona ya juu kulia, kwa mashine nyingi kuna maneno Last BIOS time na sekunde zake. Huo ni muda ambao mashine inajikagua yenyewe kabla ya kuikabidhi kazi Windows. Yangu ilionyesha sekunde 11. Dakika tisa na ushei, na humo mashine yenyewe imekula sekunde 11 tu! Nilijua palepale kwamba ile habari ya kuchoka ilikuwa maneno.

Hapo hapo chini kuna orodha ya programu zinazojiwasha bila wewe kuziita. Nilikuta 14. Za kupigia simu, za kupakulia video, ya printa niliyokwisha igawa, na antivairasi mbili. Mafahali wawili hawakai zizi moja: kila moja inakagua faili lile lile, nawe unangoja. Nikaondoa antivairasi moja. Zilizobaki nikazibofya moja moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Disable. Nilibakiza antivairasi ile nyingine na ya sauti. Kufanya hivyo hakufuti programu, kunaizuia tu isijiwashe. Muda ukashuka hadi dakika sita.

Bado sita ni nyingi. Nikaenda sehemu iliyoandikwa Performance, na hapo ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iko asilimia 7, yaani imekaa haina kazi. Diski iko asilimia 100, na haishuki.

Elewa hadidiski inavyofanya kazi, maana ukielewa hili hakuna wa kukudanganya. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, kwa kompyuta nyingi za mezani mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaokwenda huku na huku kutafuta faili, mfano wa santuri za taarabu walizokuwa nazo wazee wetu, ila mkono huu hauigusi sahani. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kwa kila faili mkono lazima usogee. Sahani ikiwa na sehemu mbovu, mkono unarudia kusoma pale pale, tena na tena, na mashine nzima inausubiri. Nilipakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha afya ya diski. Ikanitolea rangi ya njano na neno Caution. Kumbe kila mara yule fundi alipopiga Windows upya alikuwa anatandika shuka safi kwenye kitanda kibovu. Na umeme unapokatika ghafla diski ikiwa katikati ya kuandika unaweza kuzidi kuiumiza, kwa hiyo kama uwezo upo nunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika.

Dawa yake ni SSD, diski isiyokuwa na kitu kinachozunguka. Haina mkono wa kusogea, kwa hiyo haina cha kusubiri. Niliagiza ya GB 240 kutoka Dar, elfu 65, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Kange. Mtoto wa kaka yangu alitaka kunisaidia, nikamwambia ashike tochi tu. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu cha ndani. Kulikuwa na vumbi zito kama sufi ya godoro, na skrubu zimeshika kutu kwa chumvi ya bahari, unajua hewa yetu ya Tanga. Nyaya ni mbili tu, ya umeme na ya data. Vichwa vyake vina umbo la herufi L, haviingii kinyume hata ulazimishe. Mikono ilinitetemeka, lakini viliingia.

Kuhamisha vitu kutoka diski ya zamani kulikula usiku mzima na sitakuchosha nako. Jua tu kwamba kabla ya yote nilinakili mafaili yangu nje kwanza, maana diski mgonjwa inaweza kufia mkononi.

Asubuhi nikabonyeza kitufe. Sekunde 27. Kijana akaniuliza, "Shangazi, imeshawaka?" Nilikuwa bado sijakaa sawa kwenye kiti. Nililia pale pale, wala sioni haya kusema.

Jamani, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni faili, na faili linataka nakala. Mimi sasa ninazo tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi inayolala kabatini, na kwenye barua pepe. Msimpe mtu mashine kabla ya kunakili vitu vyenu. Msinunue zile programu zinazojisifu kuongeza kasi, nyingi zinakuwa mzigo wa kumi na tano kwenye ile orodha. Na mtu akikutisha kwamba Windows 10 imefikia mwisho, ni kweli huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini hilo ni suala la usalama wa kompyuta, halihusiani na kuchelewa kuwaka. Usikubali likageuzwa kuwa sababu ya kukuuzia mashine ya laki sita usiku mmoja. Nakili, kagua, soma namba, kisha ndiyo ufungue pochi. Nasema tena: nakili kwanza.

Kwa hiyo wewe dada wa Pangani, leo usiku fanya hivi. Tia flashi, nakili kila kitu chako cha thamani. Zima, washa upya, subiri dakika tano baada ya skrini kufunguka ili itulie. Fungua Task Manager, tazama Performance, uone diski iko asilimia ngapi na prosesa iko asilimia ngapi. Piga picha kwa simu unitumie, na ya CrystalDiskInfo pia ukiweza. Fundi akikupigia kuulizia mashine, mwambie bado unaitumia.