Mto Rhine kwa meli mwezi wa Oktoba: usilipie wiki nzima

Mkuu, umeuliza kama umlipie mama yako ile safari ya meli ya wiki nzima, Amsterdam hadi Basel, atakapokuja kukutembelea Frankfurt Oktoba. Nimeishi huku muda mrefu, na wageni wangu wote kutoka nyumbani nawapeleka kwa njia nyingine. Zile ngome na mashamba ya mizabibu ya kwenye vipeperushi, nyingi ziko kwenye kipande kimoja tu kati ya Bingen na Koblenz, kilomita 65 ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Kwingine mtaangalia sana bandari na viwanda.

Chukueni treni ya asubuhi ya RB10 kutoka Frankfurt hadi St. Goarshausen, kisha mpande meli ya kawaida ya abiria kurudi Rüdesheim, mji mlioupita kwenye treni. Yaani mnakwenda kinyume na mkondo. Watalii wengi hushuka na maji, na mkondo pale una nguvu, wanamaliza kabla hawajakaa vizuri. Kupanda ni karibu masaa matatu, na mama anapata nafasi ya kuuliza maswali yake yote.

Mkiondoka tu, mkono wa kushoto ni jabali la Loreley, mita 132. Usimjaze mama matarajio, ni mwamba tu wenye hadithi ya binti aliyewapumbaza mabaharia kwa kuimba. Kilichokuwa kikizamisha vyombo ni kona kali, wembamba wa mto na miamba iliyojificha chini ya maji.

Utamu ni mji mdogo wa Kaub. Katikati ya mto, juu ya kisiwa, kuna ngome nyeupe ya Pfalzgrafenstein iliyoanza kujengwa miaka ya 1320 kwa kazi moja: kutoza ushuru. Hapo ndipo mama ataelewa kwa nini ngome zimebanana vile, maana kila bwana mwenye kilima alitaka chake kwa mfanyabiashara anayepita. (Mama yangu aliuliza kama walikuwa wanatoa risiti.) Mbele, kulia, ziko Sooneck, Reichenstein na Rheinstein. Hizi zilikuwa magofu, zikafufuliwa karne ya 19 na matajiri na wana wa kifalme wa Prussia (ufalme wa zamani wa Kijerumani), kwa hiyo unachokiona kwa sehemu kubwa ni mapambo ya wakati huo. Kwa picha haina shida.

Oktoba ndiyo wakati wake, majani ya mizabibu yanageuka manjano. Wachumaji utawaona wameinama kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiria mara mbili. Aina kuu ya zabibu huku ni Riesling, inapenda ule udongo wa mawe meusi unaotunza joto la mchana. Kama mama hanywi mvinyo, aulize Traubensaft, juisi ya zabibu, wakulima wengi wanauza.

Angalieni mambo mawili. Asubuhi ukungu hufunika bonde, msipande meli ya kwanza. Na baridi ya sitaha si mchezo hata jua likiwaka, mama abebe koti na shuka.

Kuhusu safari ya wiki, kuna kitu mawakala hawakitaji: majira haya mto unaweza kupungukiwa maji sana. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub kilishuka hadi sentimita 25 (hicho ni kipimo cha pale, si kina chenyewe cha mto). Maji yakipungua hivyo, meli kubwa za watalii hukwama na abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Umelipia mto, unapewa barabara kuu.

Meli nyingi za ratiba hupunguza au kusimama Oktoba ikiisha, basi lenga wiki mbili za mwanzo, siku ya katikati ya wiki. Wikiendi Rüdesheim inajaa walevi wa sherehe za mavuno. RB10 ya kurudi Frankfurt inapita hapo hapo Rüdesheim, hamna haja ya kuvuka mto.