Umeambiwa una sukari: maswali ya wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Mama kaanzishiwa insulini, dawa ya sukari ya kuchoma, na hapa kisiwani Ukara hatuna friji. Tufanyeje?

Chupa ikishafunguliwa haidai friji. Hukaa takriban wiki 4 kama joto halipiti nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo ondoeni hofu ila iepusheni na jua, jiko na joto la bati. Chukueni vyungu viwili, kidogo kikae ndani ya kikubwa, katikati mjaze mchanga na kuulowesha asubuhi na jioni. Insulini ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, iwekwe chungu cha ndani, ifunikwe kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye chupa. Zisizofunguliwa ombeni zitunzwe kwenye friji ya zahanati, nyuzi 2 hadi 8. Mkivuka nayo ziwani, msiichomeke kwenye barafu ya samaki: insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Chupa ya insulini imeandikwa 100 (yuniti, yaani vipimo vya insulini, kwa mililita), mabomba ya sindano niliyouziwa Kirumba yameandikwa 40. Ni sawa?

Hapana, usichome! Ukivuta mpaka alama ya 10 kwenye bomba la 40, umechukua yuniti 25. Hiyo inaweza kuua. Rudisha, udai ya 100. Mgonjwa akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, sukari imeshuka mno: mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Metformini, vidonge vyangu vya sukari, inaniharisha, nimeiacha.

Wengi huhara wiki za mwanzo. Imeze katikati ya mlo, si tumbo tupu, na umwombe daktari akuanzishie miligramu 500 mara moja kwa siku, aongeze polepole. Kuiacha kimyakimya ndiko kunakoharibu figo na macho, maana sukari hupanda bila maumivu.

Niko Nansio, sina bima. Lazima niende Bugando?

Anzia hospitali ya wilaya, ipo hapo hapo. Bugando ni ya kanda, utafika kwa barua ya rufaa ikihitajika. Kama huna uwezo, chukua barua kwa mtendaji, umwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujauza nyavu. Na uulize kwanza siku ya kliniki ya sukari: wa visiwa vya mbali wakifika siku isiyo yenyewe, nauli imekwenda bure na dawa hawana.