Nyumba ya nyanya, Majengo

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli uliyoyasikia matangani, kwamba nyanya yangu aliyejenga nyumba yetu ya Majengo alikuwa malaya. Ni kweli. Nilikuwa nangoja uniulize mwenyewe, na kungoja huko nilikosea.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Sotoka ilikuwa imeshamaliza ng'ombe wa watu, kisha serikali ikadai kodi ya nyumba kwa pesa taslimu. Wanaume wakaja mjini bila wake zao, kwa mshahara usiotosha kulisha mtu wa pili. Mji ukajaa watu wasio na wa kuwapikia wala pa kuoga.

Malaya wa zama zile hakuzurura njiani. Wa njiani aliitwa mtembezi. Malaya alikaa chumbani mwake, mwanamume akaja kupiga hodi. Akaandaliwa maji ya kuoga, chai, chakula, akalala hadi alfajiri, na kila kimoja kilikuwa na bei yake. Hakuwa na mwanamume wa kumsimamia na kumkata fungu. Mteja akikataa kulipa, malaya alinyamaza ili majirani wasisikie. Ndiyo maana wenzake wengi hawakuwapenda wale walioitwa wazi-wazi, akina mama wa Kihaya waliotoka Bukoba miaka ya 1930. Wao walikaa mlangoni mchana kweupe, wakataja bei, na ukiwadhulumu walipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka. Mimi siwalaumu. Pesa yao ilirudi kuinua mashamba ya wazazi wao.

Pumwani, ambamo Majengo yetu imo, ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, kiwanja kilikuwa cha manispaa lakini nyumba ulijijengea. Nyanya alijenga ya udongo, akapangisha vyumba, na uzee wake akaula kwa kodi ya wapangaji. Kwa baba yake asingerithi hata kipande cha shamba. Shoga zake waliojenga mtaa wa Pangani, hapo hapo Nairobi, walibomolewa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930, jasho la maisha yao likawa vifusi. Hilo alilitaja mpaka kufa kwake, na kila mara sauti ilimkatika.

Alikuwa amesilimu. Mamangu, nyanya hakumzaa, alimlea, kisha akamwachia nyumba. Wengi walifanya hivyo, mwanamke kumwachia mwanamke.

Unauliza uwaambie nini wazazi wa mchumba wako. Waambie nyanya alikuwa na nyumba Majengo. Wakiuliza aliipataje, waambie.

Mamako