Jibu: Binti wa Kiitaliano kwenye riwaya yako ya Malindi

Salaam, ndugu. Nimeisoma sehemu uliyobandika. Tatizo lako ni kwamba binti mzaliwa wa Malindi anasikika kama mtalii wa wiki mbili, ilhali babu yake alihamia zamani.

Kwanza angalia huyo babu alifuata nini. "Alipenda bahari" haitoshi. Mpe kazi. Kule Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti tangu 1967, na satelaiti ya Wamarekani iliyoitwa Uhuru ikarushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970. Fundi wa mitambo ile na mwenye hoteli ya ufukweni hawalei wajukuu namna moja, wala hawana majirani sawa.

Halafu punguza jua kutua (kurasa zote hizo za nini?). Mpeleke binti sokoni. Muuza samaki amsalimie kwa Kiitaliano, yeye ajibu kwa Kiswahili cha mtaani na kubishania bei ya changu. Muuzaji acheke, bei isishuke hata shilingi. Hapo atajua anavyoonekana, bila wewe kumwandikia aya nzima ya "mimi ni nani".

Na yule yaya mpe kwake na watoto wake. Sasa hivi anaishi jikoni tu.

Mazungumzo ya mezani kwa Kiitaliano siyawezi. Mtafute mwenye lugha yake akusomee.