NGC 1365: kwa nini upau hauonekani

Ndugu, unauliza kwa nini huoni upau wa galaksi ya NGC 1365, yaani ule ukanda wa nyota unaopita katikati yake. Kuona wingu tu kwa darubini ya inchi 6 ukiwa Kampala si ajabu, wala darubini yako haina kasoro. NGC 1365 iko mbali miaka ya nuru milioni 56 hivi, na mwanga wake umesambaa eneo pana, kwa hiyo taa za mji huumeza upesi. Utakachobaki nacho ni kiini.

Nenda penye giza kweli, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwa mfano, kati ya Desemba na Januari, usiku usio na mbalamwezi. Katikati ya Desemba, kwenye saa nne na nusu usiku, itakuwa juu upande wa kusini, nyuzi 50 na kitu kutoka upeo wa macho. Kuza mara 80 hadi 100. Usiikodolee macho, tazama kando yake kidogo. Upau ni mchirizi hafifu wa mashariki-magharibi, na kila ncha inatoa mkono mmoja, umbo likikaribia herufi Z. Mikono hiyo inataka inchi 8 au zaidi.

Mistari ya vumbi iliyo ndani ya upau, ambako gesi huteremka kuelekea kiini, iachie kamera.