Theluji tunayo, kitabu chake kiko wapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama vitabu vya picha vya theluji vinawafaa watoto ambao hawajawahi kuiona. Nafundisha darasa la pili mjini Tanga na swali lenu limenichoma. Ila mimi ningeuliza kwanza: mbona theluji yote iliyomo vitabuni ni ya Ulaya, na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro chenye theluji, tunayo hapa hapa nchini?

Katika makasha ya vitabu vya msaada, vya theluji havikosekani. Kimoja niliwasomea watoto mwezi wa Februari, na joto la Tanga la Februari mnalijua. Mtoto wa Kizungu kavaa glavu na kofia ya sufu, uani kwao kote kweupe. Mmoja akauliza kama ni sufi. Mwingine akasema hapana, ni majivu. Akasimama binti ambaye mama yake huuza barafu za ukwaju nje ya geti la shule. Akaitazama ile picha weee, ndipo akauliza: "Mwalimu, kama huko barafu inaanguka bure, mama zao wanauza nini?"

Hakucheka mtu. Likawa jambo la darasa zima. Huyu anasema huko biashara ni rahisi, huhitaji friza wala kununua umeme wa Luku. Yule anabisha: kila mtu anayo mlangoni kwake, nani atanunua? Kijana wa nyuma kabisa, ambaye sauti yake huisikii wiki nzima, akasema wanauza mkaa, maana kwenye baridi hiyo kila nyumba inautaka. Wakamkubalia. Kipindi cha hisabati kikaishia hapo.

Nimeanza barua hii nikikusudia kusema vitabu hivi visiletwe tena. Baada ya kuyaandika hayo, siwezi.

Lakini nilipowaambia kwamba theluji ipo Kilimanjaro, walidhani nawatania. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameiona, na mabingwa wa jiografia wa London nao hawakumwamini. Wamisionari wa enzi hiyo waliandika pia habari za Rengua, mtawala wa Machame, aliyetuma watu wapande wakaone kama ule weupe wa kileleni ni madini ya fedha. Alirudi mmoja, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Nani amewachorea watoto wetu kisa hicho?

Basi vibaki. Kwa masharti: pawepo mwalimu mwenye muda wa kusikiliza, na kisiwe ndicho kitabu pekee cha rangi darasani. Kwa watoto wa awali bado nasita. Na wachoraji wetu wasikawie: kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85.

Mwalimu, Tanga