A tupu hazitoshi: wazazi wa Texas, tuongee kuhusu vyuo vya serikali

Ikifika Agosti simu yangu haitulii. Ni wazazi wenzangu wa huku Dallas na Fort Worth, Wabongo, Wakenya, na siku hizi ndugu zetu Wakongo wamekuwa wengi tu, na swali ni lile lile, eti UT Austin, yani Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, wanachukua asilimia ngapi ya wanaoomba? Mtu ameshagugo, kaona kitu kama asilimia 30, kapiga hesabu kwamba kila watoto watatu mmoja anaingia, na wa kwake ana akili tangu chekechea, basi roho imetulia. Mimi nimeshasaidia vijana kadhaa wa ukoo na wa kanisani kujaza haya mafomu, na kitu cha kwanza ninachomwambia mzazi ni kwamba hiyo namba aiweke pembeni kabisa. Imechanganya watu wasiofanana. Kuna watoto walioingia kabla hata ya kuandika insha, na kuna wengine wanaogombania makombo, sasa ukiwajumlisha unapata wastani usiomhusu yeyote.

Iko hivi. Mwaka 1996, kwenye kesi ya Hopwood, mahakama ya rufaa ilikataza vyuo vya Texas kuangalia rangi ya mtu wakati wa kuchagua wanafunzi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likatunga sheria, Bush mtoto akiwa gavana akaisaini: ukimaliza kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lako kwenye haiskuli ya Texas, chuo chochote cha serikali cha jimbo kinakuchukua moja kwa moja. Haijalishi ni shule ya matajiri au shule ya kijijini karibu na mpaka wa Mexico.

Sheria bado ipo, ila UT Austin ilifurika, wakaomba wapunguziwe mzigo, na mwaka 2009 wakaruhusiwa kwamba hao wa moja kwa moja wajaze robo tatu tu ya nafasi za watoto wa Texas. Ndiyo maana kila baada ya muda wanakaza. Kwa miaka kadhaa ilikuwa asilimia 6 ya juu, kwa wanaoingia 2026 imeshuka mpaka 5. A&M, Houston, UT Dallas, UTA (UT ya Arlington), Texas Tech, vyuo vingine vya serikali hivyo vyote bado ni 10. Kuna afueni moja, angalau asilimia 90 ya wanaoingia mwaka wa kwanza pale Austin lazima wawe wakazi wa Texas, kwahiyo mtoto wa jimbo lingine ana hali mbaya kuliko wako. Lakini maombi kwa mwaka 2025 yalipita elfu tisini, na kama mwanao hayumo kwenye ile 5 anagombania robo iliyobaki na kila mtu mwingine. Hapo asilimia 30 isahau, ni chini sana ya hapo.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoteleza. Sisi tumekulia kwenye mtihani mmoja wa taifa, ukipata Divisheni Wani umepata, awe wa Ilboru au wa shule ya kata, na Wakenya vilevile na mambo yao ya KCSE na kluster pointi. Huku Texas mwanao anashindanishwa na watoto wa shule yake tu. Yani jengo lile lile, darasa lile lile. Mpwa wangu alipofika mwisho wa darasa la 11 dada akanitumia picha ya transkripti, yani karatasi ya matokeo yake, huku ameweka na viemoji vya kucheza, A tupu kutoka juu mpaka chini, hakuna hata B moja. Nikamwambia shusha macho pale chini kulia. Pale pameandikwa 41/612, yani ni wa 41 kati ya 612. Ukigawanya unapata kama asilimia 6.7. Dada akanipigia hapo hapo, "Kaka, mtoto ana A tupu, hao arobaini walio mbele yake wamepata nini, A mbili kwa mpigo?"

Ndiyo, kwa namna fulani wamepata hivyo. Wilaya nyingi huku zinapima masomo kwa uzito. A ya darasa la kawaida inaweza kuhesabiwa 4, A ya AP (masomo ya haiskuli yenye kiwango cha chuo) ikahesabiwa 5, na mtoto mwenye B ya AP anaweza kukaa sawa na wako mwenye A ya kawaida. Mpwa wangu alianza AP akiwa darasa la 11 kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema, wenzake walianza darasa la 9, na wengine walishachukua Algebra I ya haiskuli wakiwa bado darasa la 8. Akili hawakumzidi hata kidogo, walimzidi ratiba.

Kwahiyo kwa 41 kati ya 612: A&M ameingia moja kwa moja, maana asilimia 10 ya 612 ni 61. UT Austin anaangaliwa kwa mapana, insha, shughuli, SAT (mtihani wa kuombea chuo, wameurudisha kuwa lazima kwa walioanza 2025), na meja, yani kozi aliyoomba.

Na hapa niseme kitu ambacho najua kitaudhi watu. Kuna huu mtindo wa kuhama, mtu amekaa apatimenti yake Arlington mashariki vizuri tu, akisikia shule za Frisco au Southlake zina alama 10 kwenye zile tovuti za kupima ubora wa shule anajibana anachukua nyumba ya mkopo unaomkaba koo, anafanya shifti mbili, mtoto anaingia shule ambayo nusu ya darasa wana walimu binafsi wa hesabu tangu wakiwa wadogo. Mtoto aliyekuwa wa 15 kule anakuwa wa 140 huku. Shule ni nzuri kweli, sibishi, atasoma vizuri na marafiki wazuri atapata, lakini ile njia ya moja kwa moja umeifunga kwa pesa yako mwenyewe. Hata yule Abigail Fisher aliyeishtaki UT kwa kumkataa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani (akashindwa 2016) alitokea Sugar Land, kwenye shule ya ushindani, na hakuwemo kwenye asilimia 10 ya darasa lake. Angekuwemo kesi isingekuwepo. Mimi ningekuwa na mtoto wa darasa la 8 anayefanya vizuri shule ya kawaida yenye AP za kutosha, nisingehama ng'o.

Halafu meja. Kuingia chuo na kuingia kozi ni milango miwili. Mtoto wa asilimia 5 bora amehakikishiwa UT Austin, hajahakikishiwa kompyuta sayansi, wala bizinesi ya McCombs, wala uhandisi wa Cockrell, wala nesi. Anaweza kupokelewa na kupewa kozi ambayo hajawahi kuiota. A&M nao wana yao, ukiingia uhandisi mwaka wa kwanza unakuwa wa jumla tu, baadae ndiyo unachaguliwa tawi, na ili upate chaguo lako la kwanza bila maswali unatakiwa GPA (wastani wa alama zako, juu kabisa ni 4) ya 3.75. Na nesi, ambayo najua ndiyo kozi ya taifa letu huku, vyuo vingi wanakuingiza kama mwanafunzi wa awali, unasoma anatomia na kemia, kisha unaomba upya kuingia nesi yenyewe. Kwahiyo mzazi akiniambia "mwanangu amepata nesi" nauliza kwanza, amepata nesi au amepata foleni ya nesi?

Mpwa wangu UT walimpa CAP. Hii watu wanaidharau bila kuielewa. Unaanza mwaka wa kwanza kwenye chuo kingine cha familia ya UT, yeye akachagua UTA akawa analala nyumbani, ukimaliza krediti 30 na GPA isiyopungua 3.2 unahamia Austin, ila ni kwa kozi za Liberal Arts (lugha, historia, sayansi za jamii na kadhalika), uhandisi na bizinesi hapana, huko unaomba kama mtu mwingine yeyote anayehama. Yeye alikuwa anataka saikolojia kwahiyo ilimfaa. Angekuwa anataka uhandisi ningemwambia nenda A&M usiangalie nyuma.

Walioko majimbo mengine, msinakili hii kama ilivyo. California vyuo vya UC (Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi nyingi) havitazami SAT kabisa, na ukiwa kwenye asilimia 9 ya juu ya shule yako umehakikishiwa nafasi UC mojawapo, ila mara nyingi hiyo mojawapo ni Merced, siyo UCLA ambayo inakataa zaidi ya watoto 9 kati ya 10. North Carolina wamejiwekea kwamba wa nje ya jimbo wasizidi asilimia 18 pale Chapel Hill, chuo kikuu chao, hiyo ni neema kubwa kwenu. Kila jimbo lina mlango wake.

Hela nitaigusa kidogo tu maana ni mada ya siku nyingine. Ada ya mkazi wa Texas pale Austin ni kama dola elfu 11 hadi 13 kwa mwaka, wa nje ya jimbo anapita elfu 40. Familia yenye kipato cha laki moja kushuka chini sasa hivi vyuo vya UT wanafuta ada kabisa, ila lazima ujaze FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, na nyie mnaoogopa FAFSA kwa sababu "serikali itajua mshahara wangu", jamani serikali inaujua, ndiyo inayokukata kodi.

Wenye watoto wa darasa la 8 na la 9, hasa mliofika karibuni kama wakimbizi na mtoto kawekwa kwenye madarasa ya Kiingereza: nendeni kwa kaunsela Januari au Februari kabla hawajapanga masomo ya mwaka unaofuata, mwulizeni Algebra II ataichukua lini. Bila Algebra II hapati ile diploma wanayoiita Distinguished, na bila hiyo, kama hana pia alama za SAT au ACT zinazotakiwa, hata awe wa kwanza shule nzima ile sheria ya asilimia 10 haimhusu. Nimeona kijana wa namba 8 darasani akigundua hivyo akiwa darasa la 12. Mwulizeni pia AP gani zipo na mtoto anaruhusiwa kuanza lini, na msikubali jibu la "tutaona mwakani".

Wa darasa la 12, UT wana dirisha la mapema linalofungwa Oktoba 15, la kawaida ni Desemba 1, A&M nao Desemba 1. Renki inayotumwa ni ile ya mwisho wa darasa la 11, kwahiyo kama mtoto anakwambia atapanda muhula huu mwambie apande tu lakini asiitegemee. Ombeni transkripti Septemba, ofisi za shule Novemba zinakuwa kama stendi ya Ubungo siku ya Krismasi.